Kizimba cha Mpangaji

Jumapili, Machi 2

Binti yetu kaja leo na mizigo miwili: begi lake la safari na tundu la ndege lililofunikwa taulo. Nikadhani katuletea kasuku. Kafunua, ndani kuna panya.

"Si panya, mama. Ni hamsta."

Nimemtazama vizuri. Amenona, rangi ya mkate uliobabuka, mashavu yamejaa, mkia wa kusema hana. Nikasema basi ni panya aliyekatwa mkia, binti akanuna. Watu anaowalelea watoto wanahamia mji mwingine na yeye wanaenda naye, ila mnyama wamekataa kumbeba. Wamemwambia amtupe. Hakuweza. "Mtunzeni, mama. Nikipata nafasi nitakuja kumchukua." Mtu anayesema nikipata nafasi huwa hana nafasi, lakini nilinyamaza kwa sababu basi lilikuwa linamsubiri na machozi yalikuwa yanamtoka.

Mzee hakugeuka. Tangu daktari wa macho amwambie kwamba kilichoungua hakirudi, mume wangu analala kauelekea ukuta. Miaka yote hiyo amechomelea mageti na madirisha ya watu akiwa amevaa miwani ya jua ya kununua barabarani, na kila nikimwambia anunue kinga ya kweli ananiambia macho ni yake. Sasa anaona mwanga na ukungu, basi. Binti kamshika bega kumuaga, naye kaujibu ukuta: "Haya, mwanangu."

Jumanne, Machi 4

Mvua imeanza. Mimi napiga pasi kwa dobi, na kwa dobi mvua ni adui. Mashuka yanafika mezani kwangu yana unyevu, napiga pasi na kukausha kwa mshahara uleule. Mgongo leo si wangu.

Jumatano, Machi 5

Mzee kaniuliza swali. Naandika hivyo kwa sababu kwangu ni habari kubwa. Tangu mwezi wa kumi na mbili mtu huyu hujibu tu. Chakula tayari: haya. Maji ya kuoga: haya. Leo hata viatu sijavua, kaniuliza, "Mama, hicho kinachotafuna chuma ni nini?"

Nikamwambia ni yule mnyama wa binti. Ikifika jioni anaanza kuzing'ata waya za tundu, juu mpaka chini, hachoki.

"Nasikia. Amebanwa."

"Anageuka vizuri tu."

"Hata kaburini kuna nafasi ya kulala," akasema.

Kisha akaketi. Miguu chini, kichwa kakiinamishia upande wa sauti. Hakuna aliyemwomba. Nikaenda kushughulika na jiko nisije nikalia mbele yake, maana asiyeona anasikia. Nimesema moyoni, panya wewe, ukimfanya huyu mtu aketi kila siku, nitakulisha hadi karanga.

Ijumaa, Machi 7

Kapata jina. Mzee anamwita Mpangaji. "Anakula, analala, usiku anapiga kelele, kodi halipi. Utamwita nani?" Nikamwambia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akasema mpe nafasi kwanza ya kushikia hilo jembe.

Jumamosi, Machi 8

Mpangaji ana kidonda puani. Kazing'ata zile waya mpaka manyoya ya mdomoni yametoka na ngozi imechubuka. Sikutaka kumwambia Mzee, lakini Mzee kaweka kidole kwenye tundu, kakinusa, akasema, "Hii ni damu."

Kwa hiyo baada ya kazi nimekwenda duka la wanyama, lile lililo nyuma ya soko, lenye samaki wa rangi dirishani. Mwenye duka ni mtu wa makamo, mwenye adabu, ana miwani mikubwa kuliko uso wake, na watu wote humwita Miwani. Nikamweleza. Akaniambia wasiojua huwaweka hamsta kwenye matundu madogo kwa kuwa wao ni wadogo, kumbe mnyama huyu porini hutembea usiku kucha. Anataka sakafu, si urefu wa kwenda juu. Akanyoosha mikono kunionyesha: kizimba cha kumfaa kinaijaza meza ya kulia.

"Na cha bei nafuu?"

Akanionyesha. Vilikuwa vizuri, vya rangi ya waridi, vina ngazi na gurudumu la kukimbilia, na kila kimoja ni kidogo kuliko tundu nililo nalo. Cha kumfaa kilikuwa kimoja tu, kimepanda juu ya kabati. Kwa bei yake ningeweza kulipia kodi ya chumba mwezi mzima na nusu ya mwezi mwingine. Niliuliza kama kuna punguzo. Akapunguza, masikini, akapunguza tena bila kuombwa, na bado ilikuwa mbali kama mwezi wa mbinguni. Mkono mtupu haulambwi. Nimeshukuru nikatoka na mvua.

Mzee kauliza, "Umekiona?" Nikasema nimekiona. "Kikubwa?" Kikubwa. "Kina mlango wa mbele au wa juu?" Nilikuwa sikuangalia. Kakasirika. Nimefurahi kumwona amekasirika.

Jumatano, Machi 12

Mvua. Mashuka ya hoteli.

Jumamosi, Machi 15

Mitumba. Nimezunguka kwenye matope mpaka ndala imekatika. Kuna mama mmoja anauza tundu la kasuku, refu kama mtoto wa darasa la tatu, jembamba, waya zake zimeachana hivi kwamba Mpangaji angetoka na mizigo yake. Nikamwambia nahitaji kipana, akaniuliza ni cha ndege gani. Nikaona aibu kusema panya. Nikasema ni cha mume wangu. Tumecheka wote wawili, yeye kwa utani, mimi sijui kwa nini.

Jumatano, Machi 19

Mzee halali. Mpangaji akianza kung'ata, naye anaketi, na wanakaa hivyo wote wawili gizani. Jana kaniambia, "Mama, kama hatuna mahali pa kumweka, tumtoe. Sipendi kumsikia." Nimemuuliza na ukuta utausikiliza nini akishatoka. Ilikuwa kali, lakini imeshatoka mdomoni. Akajilaza.

Nimeogopa siku nzima. Nimeunguza kola ya shati la mteja kwa kuwaza.

Ijumaa, Machi 21

Bosi kanipa kapu kubwa la plastiki la nguo chafu, limevunjika mkono mmoja. Lina matobo ya hewa, pana, refu. Nimelifunika kwa wavu na kulifunga kamba. Nimeweka vipande vya magazeti, kopo la kujifichia, maji. Mpangaji kazunguka humo kama mtu aliyehamia nyumba ya serikali. Mzee kasikiliza, akasema, "Anatembea." Kisha akasema, "Plastiki, mama." Nikamwambia heri nusu shari kuliko shari kamili.

Jumapili, Machi 23

Mpangaji ametoroka. Ametoboa plastiki chini pembeni, tobo duara safi, fundi angelisifia.

Chumba chetu ni kimoja, lakini siku unayotafuta panya chumba kinakuwa uwanja. Nimesukuma kabati. Nimetoa viatu vyote. Nimepiga magoti, nimelala chini, nimeita, mtu mzima wa umri wa kuitwa bibi anaita panya kwa jina. Mvua ilikuwa inapiga bati na hata kusikia haikuwezekana. Mzee, kitandani, akaniambia, "Acha kuhamisha vitu. Zima jiko. Kaa."

Nikakaa. Akashuka mwenyewe kitandani, akapiga magoti. Akaingiza mkono mvunguni na kuvuta sanduku lake la zana. Sanduku hilo hajaligusa tangu macho yalipokwisha. Nilipotaka kuliuza alinitazama, au alielekeza uso kwangu, na sikurudia tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na leo kainama. Kifuniko kilikuwa kimekaa wazi kidogo kwa sababu ya mpini wa nyundo. Akapitisha mikono taratibu, akitaja kila anachogusa kwa sauti ndogo: tupa, koleo, keekee, mkasi wa bati. Alipofika kwenye glavu zake za ngozi mikono ikasimama. Akatoa glavu moja, imevimba kidoleni.

"Huyu hapa. Kalala gumbani." Hata mimi nilisahau kwamba kidole gumba cha glavu ni chumba.

Hakumrudisha kapuni. Alikaa naye mapajani, glavu na yote, mkono mwingine ukichezea koleo, ukifungua na kufunga. Halafu akasema neno nililolisubiri bila kujua nalisubiri.

"Nitamtengenezea mwenyewe."

Jumatatu, Machi 24

Nimeimba kazini. Mwenzangu wa meza ya pili kaniuliza kama nimekopeshwa au nimependwa.

Alhamisi, Machi 27

Nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa uani, kuna grili mbili za madirisha ambazo mteja mmoja alimwagizia Mzee akafa kabla hajazichukua. Zimekaa hapo zikifanya kazi ya kuanikia matambara. Leo Mzee kaniambia nizilete ndani. Chumba kimenuka chuma na mvua. Kawasha, sijui niseme kawasha nini, kawasha mikono. Hawezi kuchomelea tena, hiyo anajua, basi anakata kwa msumeno wa mkono, anatoboa kwa keekee, anafunga kwa bolti. Anapima kwa viganja na vidole. Kidole kimekatika kidogo. Kakifunga kwa kitambaa, akaendelea.

Nimehamisha vyombo vyetu mezani. Meza sasa ni ya Mpangaji. Tunakula kitandani.

Jumapili, Machi 30

Kizimba kimesimama. Kimeijaza meza, kina mlango wa mbele, kina komeo lenye mlio wa geti la benki. Mzee katoa glavu, kamweka Mpangaji ndani, kafunga, kasimama pembeni kama anayesubiri kusifiwa. Mpangaji kanusa, katembea mbele, kapita katikati ya vyuma viwili bila hata kubana tumbo, na akaketi mezani akinawa uso.

Nikamwambia, "Mzee, nafasi kati ya chuma na chuma umepima kwa nini?"

Akanyoosha ngumi yake. Ngumi ya mkono, usipite mkono wa mwizi. Ndivyo alivyopima maisha yake yote.

"Sasa huyu si mwizi wa kuingia, baba. Huyu ni mtu wa kutoka."

Akafikiri. Kisha akaanza kucheka, kicheko kile cha zamani kinachoanzia tumboni, mpaka akaketi chini. "Mama, miaka yote nimezuia watu wasiingie. Wa ndani sijawahi kumfikiria." Nimecheka naye mpaka jirani kagonga ukuta.

Jumatano, Aprili 2

Jirani huyo huyo, fundi mwashi, hana kazi kwa sababu ya mvua. Kaja kuona tunachocheka kila siku. Kaondoka, karudi na wavu wa chekecheke la mchanga, vitobo vidogo, waya imara. Hakutaka chochote. Kakaa na Mzee jioni nzima wakiukata na kuukunja, wakibishana kama watoto kuhusu nani anashika wapi.

Jumapili, Aprili 6

Wavu umekaa. Nimeingiza kidole kila mahali, hakipiti. Nikasema basi, aingie, maana kwenye beseni tulimomweka tangu atoroke anazidi kujikwaruza. Mzee kakataa.

"Bado rangi."

"Rangi ya nini? Anakwenda kuonekana na nani?"

"Mama, chuma hakijawahi kutoka mkononi mwangu kikiwa uchi. Hata cha mteja asiyelipa."

Katoa sandukuni kopo la rangi ya kuzuia kutu, ile nyekundu ya kahawia wanayopaka mageti kwanza kabla ya rangi yenyewe. Kopo la zamani sana, kifuniko kimegoma mpaka kapiga na nyundo. Kaikoroga na kijiti, kainusa, akasema hawatengenezi tena kama hii. Kapaka mara mbili, kila waya, kila pembe, kwa brashi na kwa kidole pale brashi isipofika. Mwisho alikuwa mwekundu mpaka viwiko, na uso ule sijauona tangu tulipooana.

Jumatano, Aprili 9

Haikauki. Unyevu umejaa ukutani, umejaa kwenye nguo, umejaa kwenye rangi. Tunalala na harufu hiyo, kichwa kinaniuma. Nimesema tumweke tu. Mzee kasema hapana, mnyama ana pua ndogo, harufu itamdhuru. Kila asubuhi anagusa chuma kwa mgongo wa mkono. Bado. Amekuwa makini kuliko mkunga.

Jumapili, Aprili 13

Imekauka. Harufu imekwisha. Mpangaji kahamia.

Naandika kirefu kwa sababu nataka kuikumbuka siku hii. Tulimweka na gurudumu la kopo la maziwa ambalo Mzee kalipitishia waya katikati. Alitembea pembe zote nne. Alichimba magazeti. Halafu akapanda gurudumu na likaanza kuzunguka, na Mzee akashika meza kwa mikono miwili akisikiliza kile kimlio chepesi. Hakung'ata chochote. Jioni nzima hakung'ata. Mzee kajinyoa bila kuambiwa. Kaniuliza kama yule Miwani anauza vizimba vingi, na kama mtu angemtengenezea vya kumfaa mnyama, kwa bei ya mtu wa kawaida, angenunua. Nikasema nitamuuliza. Ukiona vyaelea vimeundwa, kasema, na kajipiga kifua kidogo.

Nimekuwa na furaha leo. Liandikwe.

Alhamisi, Aprili 17

Mpangaji kaanza kung'ata tena, lakini kwa starehe, pembe moja tu, ya kushoto, kama mzee na mswaki wake. Mdomo umekuwa mwekundu. Nikamwambia Mzee mpangaji wako kapaka rangi ya mdomo, anatoka na nani? Akasema mwache, meno yao hukua, lazima wayasugue. Tumecheka.

Jumapili, Aprili 20

Mzee ana masikio ya mchawi. "Pembe ya kushoto nasikia chuma kitupu. Kitashika kutu kisha akate mdomo." Nilikwenda kuangalia, kweli, pametoka rangi ukubwa wa kucha. Basi Mpangaji karudi kwenye beseni kwa siku chache, na Mzee kapaka pale pembeni upya, mara tatu, nene, ili isitoke tena.

Jumatano, Aprili 23

Mvua. Pembe tumeikausha kwa jiko, karudi. Anaing'ata ileile pembe.

Jumamosi, Aprili 26

Gurudumu halikuzunguka jana wala juzi. Leo nimemshika, mwepesi, miguu ya nyuma anaiburuta. Karanga nimempa, kaigeuza mkononi, kaiacha. Mzee anauliza kila saa, "Anafanya nini?" Nasema kalala. Si uongo, kalala.

Jumatatu, Aprili 28

Nimeomba ruhusa mchana nikaenda kwa Miwani. Nikamweleza yote, na nikamweleza kizimba pia, kwa majivuno, ukubwa wake, mlango, bolti. Alikuwa anatikisa kichwa kwa kufurahi. Nilipofika kwenye rangi akaacha kutikisa.

"Rangi gani, mama?"

Nikamwambia. Ya mageti. Ya zamani.

Akavua miwani akaifuta, na haikuwa chafu. "Zile za zamani zina sumu, mama. Hata mtoto mdogo hatakiwi kulamba geti. Na huyu anaitafuna." Nikauliza dawa. Akasema mtoe humo leo, mpe maji, umpe joto. Hakusema dawa. Alikataa nilipie kile kifuko cha mbegu alichonipa, na hapo ndipo nilipojua.

Nimetembea nyumbani kwa miguu, mvua ikininyea, nikipanga maneno. Mlangoni yakawa yamekwisha yote. Nikasema, "Miwani anasema ni baridi. Nimweke kwenye beseni na sweta, karibu na jiko."

"Baridi? Ndani ya kizimba changu?"

"Chuma hushika baridi, Mzee."

Akafikiri. "Kweli," akasema. "Chuma hushika baridi." Akavua sweta lake mwenyewe akanipa.

Jumanne, Aprili 29

Hanywi. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini nampa tu, tone kwa tone, kwa ncha ya kitambaa. Mzee kashika beseni mapajani siku nzima, jirani kaniambia.

Jumatano, Aprili 30

Mpangaji amekufa asubuhi, mikononi mwa Mzee. Mzee ndiye aliyejua kwanza. Alisema, "Mama, amekuwa mzito," nami nikatazama.

Tulikaa. Nilichelewa kazini na sikujali. Mzee akauliza, na sauti ilikuwa ya mtu anayeuliza kuhusu kazi yake: "Nafasi ilimtosha?"

"Ilimtosha, baba."

"Hakubanwa."

"Hakubanwa."

"Basi kilichomuua ni nini?"

"Baridi," nikasema. Ningesema nini? Mtu aliyelala ukutani miezi, akaamka kwa ajili ya kitu kimoja, ndiye nimwambie kwamba alichokiamkia amekiua kwa mkono wake, na kwa kuwa alikuwa makini? Nilisema baridi, nikarudia, baridi, na nilisema haraka mno. Tumeishi pamoja miaka mingi. Ananijua ninavyosema nikiwa sisemi.

Akanipa beseni. Akasimama, akapapasa mpaka mezani, akafungua kile kikomeo cha benki, akaingiza mkono mpaka pembe ya kushoto. Alipitisha kidole pale muda mrefu, pale alipopaka mara tatu na meno yakala tena. Kisha akakitia kidole mdomoni.

Alikwenda kitandani akalala, akauelekea ukuta.

Alhamisi, Mei 1

Nimemzika uani, kwenye glavu. Mzee hakutoka.

Ijumaa, Mei 2

Binti kapiga simu, anataka kusikia habari za hamsta wake. Nikamwambia mzima.

Jumapili, Mei 4

Nimemwambia Mzee kwamba Miwani yuko tayari kuchukua vizimba, vingi hata, kwa bei ya mtu wa kawaida, ilimradi visipakwe rangi. Miwani hajasema hivyo. Lakini angesema, nikimwomba. Mzee kanisikiliza mpaka mwisho.

"Chuma bila rangi kinaoza, mama."

"Kioze. Si kitakuwa cha miaka miwili mitatu?"

"Sijui kufanya hivyo." Halafu akasema, "Kitoe kile nje. Kiweke kwenye mvua. Kiache kioze."

Tumesaidiana na jirani kukibeba. Kiliingia kwa vipande, mlangoni hakikupita, ikabidi tufungue bolti za upande mmoja. Jirani kaomba awekee vifaranga. Mzee kasema hapana kutoka kitandani, na sauti yake imemfanya mwashi wa watu aondoke bila kuaga.

Meza imerudi. Tunakula kitandani bado. Sijui kwa nini.

Alhamisi, Mei 8

Mvua kubwa. "Kimeshika kutu?" Nikasema bado.

Jumapili, Mei 11

"Kimeshika kutu?" Bado. Ndiyo maneno yote ya leo, ukiacha haya, haya, haya.

Jumatano, Mei 14

Nimesikia panya wa kweli darini. Nimefurahi nikadhani ataketi asikilize. Hakuketi.

Jumamosi, Mei 17

Nimemkasirikia leo, niandike hivyo. Nimemwambia wewe si wa kwanza kukosea, nami napiga pasi kwa ajili yetu wawili huku mgongo unakatika, na mnyama alikuwa panya. Kasema, "Alikuwa panya, ndiyo." Nimekwenda kuchota maji nikakaa huko mpaka hasira ikapoa. Niliporudi kauliza kama kimeshika kutu.

Jumanne, Mei 20

Mvua imekatika. Leo mashuka yamekauka juani yote, bosi anapiga mluzi. Uani kuna joto, na watu wametoa magodoro nje.

Mzee kauliza, uso ukutani. Nimetoka kwenda kukitazama, maana sipendi kumjibu bila kutazama. Kimenyeshewa mchana na usiku siku zote hizi. Nimekigeuza upande. Nimepitisha kidole kila waya, kila bolti, kila pembe ambayo aliipaka kwa kidole pale brashi isipofika. Pembe ya kushoto, chini, pana alama ndogo ndogo za meno kwenye rangi nene, na chini ya alama bado ni rangi. Maji yalikuwa yametuama juu na nilipokiinua yakateleza yakamwagika, yakaacha chuma kikavu, chekundu, kinang'aa. Hakina hata doa. Hajawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile.

Nimerudi ndani nikamwambia kimeanza kushika kutu, pembe ya kushoto, chini.